Udongo wa Kondoa ulikwenda wapi?

Wengi wanaoandika kuhusu mmomonyoko wa Kondoa huanzia juu: vilima vilivyokwanguliwa, makorongo ya kutisha, ng'ombe walioshutumiwa. Mimi nitaanzia chini, kwenye mchanga. Kilichotoka mlimani hakikupotea, na sehemu kubwa yake haikufika mbali. Kimelala miguuni pa vilima, mabondeni na mbugani, na ukikisoma kilivyojipanga unapata historia ya vilima vile zaidi kuliko ukivikodolea macho vyenyewe. Usomaji huo ulichelewa sana. Kwa miongo mingi watawala na wataalamu walitazama juu tu, na maamuzi mazito yalifanyika kabla ya mtu kuuliza udongo ulikuwa unashuka tangu lini.

Mahali penyewe

Vilima vya Irangi viko Kondoa, kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, nchi ya Warangi ambao ni wakulima na wafugaji kwa pamoja. Vilele vya juu hufika takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki vilima hukatika ghafla kwenye ukingo wa Bonde la Ufa na kushuka hadi nyanda za Umasai. Ni kwenye ukingo huo, Kolo na jirani zake, ndiko iliko michoro ya mapangoni iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Magharibi na kusini maji mengi huingia mto Bubu, na Bubu hauendi baharini. Unaishia kwenye kinamasi cha Bahi. Jambo hilo lina uzito wake katika kisa hiki: mashapo yanayobebwa na Bubu yanabaki bara, hayana delta wala pwani ya kujenga.

Miamba ni ya kale sana, matale na naisi, na imeoza hadi kina kirefu. Ukichimba chini ya udongo wa juu hukuti jiwe mara moja. Unakuta kwanza jiwe lililolainika, lenye sura ya jiwe bado lakini linalomeguka mkononi. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 600 hadi 900 kwa mwaka kutegemea mwinuko. Si haba. Kasoro ni mpangilio wake: miezi saba ya ukavu, nyasi zimeliwa au zimeungua, mashamba yamefyekwa yakingoja kupandwa, kisha mawingu ya kwanza yanashusha maji mengi kwa saa moja au mbili juu ya ardhi tupu.

Kila kitu kinachohitajika ili kilima kishuke chini kiko hapo: mteremko mkali, mwamba uliooza, mvua ya ghafla. Binadamu na mifugo yake wameongeza kasi, na kiasi gani wameongeza ndicho kiini cha ubishi.

Korongo linavyofanya kazi

Tone la mvua likigonga udongo mtupu hupasua vidonge vyake na kurusha chembe pande zote. Kwenye mteremko chembe nyingi huangukia upande wa chini. Chembe laini huziba vitundu vya udongo, uso unakuwa na gamba, na maji yanayofuata hayazami tena bali yanatiririka. Kwa muda hutiririka kama utando mwembamba, kisha hujikusanya kwenye michirizi. Mkulima akipita na jembe mchirizi huo unafutika, na ndiyo maana hatua hii haimshtui mtu. Shamba linaonekana lile lile, ila kila mwaka mizizi ya miti inazidi kuwa wazi.

Korongo ni jambo jingine. Pale maji ya michirizi mingi yanapokutana na kupata mahali pa kuanguka, hata kama ni kidaraja cha nusu mita tu, hutokea kichwa cha korongo. Maji yakianguka hapo huchimba shimo chini ya ukuta. Udongo wa juu uliofungwa na mizizi unabaki ukining'inia, wa chini ulio laini unaondoka, na baada ya mvua kadhaa kipande kizima kinadondoka. Kichwa kimesogea mlimani hatua moja. Korongo hukua kwa kurudi nyuma, kuelekea yanakotoka maji, na halihitaji mvua kubwa kuliko ya jana ili liendelee. Linajitengenezea maporomoko yake lenyewe. Huko Kondoa, korongo likishafika kwenye mwamba uliooza halina cha kulizuia, hushuka mita kumi na zaidi, na kuta zake hubomoka pembeni kwa uzito wake zenyewe udongo ukilowa. Matawi ya korongo moja yakikutana na ya jingine, kinachobaki katikati ni visu na vilele vya udongo mwekundu visivyoota kitu.

Ukishuka ndani ya korongo kama hilo na kusimama mbele ya ukuta wake unaona kitu ambacho juu hakionekani. Ukuta una matabaka. Karibu na kilele cha mteremko ni mwamba uliooza tu. Lakini chini zaidi, kwenye sehemu ya mteremko inayolala, ukuta ni mashapo: mchanga wenye changarawe, juu yake udongo mweusi uliowahi kuwa uso wa nchi na kuotesha majani, juu yake tena mchanga mwekundu. Yaani korongo la leo linakata lundo la udongo lililoletwa na mmomonyoko wa zamani. Mahali pale pale pamekuwa pa kupokea, kisha pa kutoa. Katika baadhi ya sehemu za Haubi, beseni lililomo katika vilima hivi, ndani ya matabaka hayo hupatikana mavi ya chuma, masalia ya tanuri za wafuaji wa kale.

Mchanga unavyojipanga

Maji yanayobeba mzigo yana nguvu kwa kadiri ya wingi wake na ukali wa mwinamo. Mwinamo ukipungua ghafla, pale korongo linapotoka vilimani na kuingia bondeni, nguvu inashuka na mzigo unawekwa chini. Mzito ndio wa kwanza: mawe na changarawe mlangoni kabisa, kisha mchanga. Mkondo unaziba kwa mzigo wake wenyewe, unahama upande mmoja, unaziba tena, unahama. Baada ya misimu mingi mchanga umejitandaza kutoka mdomo wa korongo mfano wa upepeo uliofunguliwa, mwembamba juu na mpana chini. Kondoa mapepeo haya ya mchanga yalifunika mashamba mazuri ya bondeni. Kwa mwenye shamba ilikuwa hasara mara mbili: udongo wa juu umekwenda, na wa chini umefukiwa.

Mchanga unaoendelea mbele huingia kwenye mito mikavu. Mto wa aina hii kiangazi ni barabara pana ya mchanga mweupe, na watu huchimba humo visima vya muda kupata maji. Masika hushuka furiko la saa chache, kisha kimya. Kadiri mchanga ulivyozidi kuletwa ndivyo mito hii ilivyopanuka, kwa sababu kitanda kilichoinuka hulazimisha maji kula kingo. Mto wenye mchanga mwingi huwa mpana na usio na kina. Ule wenye mzigo mdogo hujichimbia njia nyembamba. Kanuni hii nitairudia, maana ndiyo inayoeleza yaliyoipata mito hii baadaye.

Chembe laini, tope na mfinyanzi, hazitulii mpaka maji yasimame. Kwa hiyo hizi huzikuti kwenye mapepeo. Ziko kwenye mabeseni kama la Haubi, ambako mashapo yalijitandika kwenye ziwa la kina kifupi, na zilizobaki zikasafiri na Bubu hadi Bahi, ambako leo wakulima wa mpunga wanalima juu ya udongo uliokuwa wa mtu mwingine.

Kimsingi mlima unachambuliwa. Mchanga karibu, tope mbali. Ukitaka kupima mmomonyoko kwa kuangalia tope linalopita mtoni mbali na vilima utapata tarakimu ndogo na kudhani mambo si mabaya, kumbe sehemu kubwa ya kilichoondoka imekaa kilomita mbili tu kutoka kilipotoka. Wataalamu waliokuja na Anders Rapp wa Sweden, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, walilikwepa kosa hilo kwa kupima mabwawa yaliyojengwa karibu na vyanzo vya maji, kama Ikowa na Matumbulu huko Dodoma, na kuona yanavyojaa. Bwawa linalojaa mashapo ni msiba kwa wanaolitegemea, ila kwa anayepima mmomonyoko ni mzani mzuri kuliko wote.

Mshitakiwa

Tangu enzi za Waingereza jibu lilikuwa tayari. Watu wamezidi, ng'ombe wamezidi. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilisimamia ufyekaji wa mapori ili kufukuza mbung'o na kuwapa watu nafasi nyanda za chini, na baadaye zikaja amri za kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Wenyeji walizitii shingo upande.

Baada ya uhuru hoja ilibaki ile ile. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa fedha za Sweden. Mwanzoni ulikuwa mradi wa mitambo: makinga maji yaliyochimbwa kwa greda kwenye miteremko, miti iliyopandwa, mkonge kingoni mwa makorongo. Haukufua dafu. Makinga maji yasiyofuata vizuri usawa wa ardhi hukusanya maji na kuyapasua mahali pamoja, na mifugo iliendelea kupita juu yake. Mwaka 1979 uamuzi ukatolewa: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, makumi ya maelfu, waliondolewa. Wengine walipelekwa kwa ndugu na marafiki nyanda za chini, wengine waliuzwa kwa bei ya kutupa.

Mabadiliko yalikuja haraka kuliko wengi walivyotarajia. Visiki vya miombo vilikuwa hai chini ya ardhi wakati wote huo, vikiliwa kila vinapochipua. Mtundu, mmoja wa miti ya miombo, na jamii zake zilirudi zenyewe, bila kitalu wala mtu wa kumwagilia. Ndani ya miaka michache miteremko iliyokuwa myekundu ikawa kijani. Mafuriko yakapungua ukali, mapepeo ya mchanga yakaacha kukua, na watu wakaanza kulima juu yake mihogo na viazi vitamu, na miwa pale maji yalipo karibu. Mchanga, baada ya kuogopwa miaka mingi, ukawa ardhi mpya. Una rutuba ndogo, lakini unameza mvua yote inayonyesha na kuihifadhi, na katika nchi kame hiyo ni mali.

Gharama zililipwa na kaya. Kondoa bila ng'ombe ilikuwa Kondoa bila maziwa, bila samadi, bila maksai wa kulimia, na ng'ombe wa mahari wakawa wa kuhesabiwa wakiwa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ufugaji wa ndani uliporuhusiwa na kusaidiwa, ng'ombe wachache bandani wakiletewa majani. HADO yenyewe ilifungwa katika miaka ya 1990.

Hapo kesi ilionekana imekwisha. Ng'ombe wametoka, kilima kimepona, basi ng'ombe ndiye aliyeharibu.

Ushahidi wa mchanga

Mchanga una saa ndani yake. Chembe ya kwatzi, madini yaliyomo mchangani, ikifukiwa hupokea mnururisho mdogo kutoka kwenye udongo unaoizunguka na kuhifadhi sehemu ya nishati hiyo mwaka baada ya mwaka. Ikianikwa juani, nishati yote hutoka na saa inarudi sifuri. Kwa hiyo ukichukua mchanga uliofukiwa bila kuuonyesha mwanga, ukaumulika maabara kwa mwanga maalumu na kupima mng'ao unaotoka, unaweza kukadiria ni lini mara ya mwisho ulikuwa juani, yaani lini ulisafirishwa na kufukiwa. Kazi ya shambani ni ya kawaida kabisa: bomba la chuma linagongwa kwa nyundo kwenye ukuta wa korongo, linazibwa pande zote mbili, na halifunguliwi mpaka kwenye chumba chenye taa nyekundu hafifu.

Maria Eriksson, Jon Olley na Robert Payton walifanya hivyo kwenye matabaka ya vilima vya Irangi na kuchapisha majibu mwaka 2000. Mashapo ya miteremko yale hayakuwa ya karne moja au mbili. Kundi la kwanza liliwekwa kati ya miaka 14,500 na 11,400 hivi iliyopita. Wakati huo hapakuwa na mkulima wala ng'ombe popote Afrika Mashariki. Hali ya hewa ilikuwa ikitoka kwenye ukavu mkali kuelekea unyevu, mwishoni mwa zama za barafu. Mvua ilitangulia, uoto ukachelewa, na vilima vikashuka. Kundi la pili linaanza takriban miaka 900 iliyopita na kuendelea hadi sasa. Hili linaendana na watu: kilimo, ufugaji, na ufuaji wa chuma uliohitaji mkaa mwingi, ndiyo maana yale mavi ya chuma yamo ndani ya matabaka.

Kwenye mashapo ya ziwa Haubi njia ilikuwa tofauti. Udongo wa juu kwa kawaida una madini ya sumaku mengi kuliko udongo wa chini, hivyo kwa kupima usumaku wa tope lililotulia ziwani unaweza kutofautisha lililokwanguliwa juu juu ya mashamba na lililochimbwa na makorongo kutoka kina kirefu.

Sasa tupime. Je, majibu haya yanamwachia ng'ombe huru? Wapo waliosema hivyo, na naona wamekwenda mbali mno. Tarehe zinaonyesha kwamba mmomonyoko wa Kondoa ulianza zamani kabla ya ukoloni na kabla ya msongamano ule uliolalamikiwa miaka ya 1930. Zinaonyesha pia kwamba vilima hivi vinaweza kushuka bila msaada wa mtu. Hazionyeshi kwamba mifugo ya karne ya ishirini haikuongeza kitu. Kinachozuia uoto kurudi si lazima kiwe ndicho kilichouondoa mwanzo, na kukiondoa kunaweza kuleta nafuu kubwa hata kama chanzo kilikuwa kingine. Mafanikio baada ya 1979 yanathibitisha kwamba malisho yalikuwa yakikandamiza miombo. Hayathibitishi kwamba malisho ndiyo yalichimba makorongo.

Kosa la wakoloni, na HADO baada yao, lilikuwa kudhani kwamba kilima kilikuwa kizima mpaka juzi. Dhana hiyo iliwafanya waamini kwamba kuna hali ya awali ya kurudia, na kwamba kaya zinazoishi pale leo ndizo zinazodaiwa deni lote. Deni lenyewe lilikuwa la miaka mia tisa kwa uchache.

Mto wenye njaa

Jambo la mwisho halizungumzwi sana, na kwangu ndilo linalofundisha zaidi kuhusu maumbile ya nchi. Uoto uliporudi, mchanga unaoingia mitoni ulipungua haraka kuliko maji yalivyopungua. Mto uliokuwa umejipanua kwa ajili ya kubeba mzigo mkubwa ukajikuta na maji yasiyo na mzigo. Maji ya namna hiyo yana nguvu ya ziada, na huitumia kuchimba. Mito ya mchanga ya Kondoa ilianza kuwa myembamba na kujikata njia ndani ya mchanga wake yenyewe. Kingo za zamani zikabaki pembeni kama matuta bapa, zikaota majani, zikalimwa. Mashapo ya jana yakawa malighafi ya mmomonyoko wa leo, kama ukuta wa korongo ulivyoonyesha kwamba iliwahi kutokea zamani.

Kwa hiyo anayelima kwenye pepeo la mchanga analima mahali pa muda. Mradi mteremko wa juu una miti, mkondo utajikata katikati na shamba lake litakauka kidogo kidogo kwa sababu maji ya chini hushuka pamoja na kitanda cha mto. Miti ikiondoka, mkondo utainuka tena na kumfukia. Anayelima hapo anaweza kuusoma mwelekeo mwenyewe: kila mwaka kina cha kisima chake mchangani kinamwambia kitanda kinapanda au kinashuka.

Makorongo yenyewe hayajafungwa. Hayawezi kufungwa kwa miti ya juu peke yake, kwa sababu umbo lake linaendelea kukusanya maji hata kama udongo umefunikwa. Yaliyo mengi yametulia, sakafu zake zimepata mchanga wa kutosha na majani, na kuta zimelala. Lakini kichwa cha korongo kinaweza kuamka kwa maji ya eneo dogo tu, na siku hizi maji hayo mara nyingi hutoka barabarani. Barabara ya vumbi iliyochimbiwa mtaro mmoja upande wa mlima, ikamwaga maji yote kwenye karavati moja, huunda kwa mvua chache kile ambacho njia ya ng'ombe ilihitaji miaka mingi kuunda. Ukitaka kujua korongo lipi la Kondoa litasogea msimu ujao, anza kwa kufuata karavati zinamwaga wapi. Gharama ya kuongeza mitaro miwili mitatu ya kupunguza maji kabla ya karavati ni ndogo kuliko ya kuhamisha hata zizi moja.